Fundi Koki, Mpira wa Tumboni na Kiti cha Mama Mkwe

Mume wa dada yangu ni fundi bomba. Mtaani wanamwita Fundi Koki, na jina hilo amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita amezibua, ameunga na kufumua kila kitu kinachopitisha maji katika mitaa yetu. Akipita mbele ya nyumba yako husimama, huinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea, kisha hukwambia hata kabla ya salamu: "Bomba lako la jikoni linalia." Ukienda kutazama, kweli unakuta linavuja. Nyumbani kwake mwenyewe koki ya jikoni imefungwa kwa kamba ya kiatu tangu mwaka alipooa.

Habari zake nazijua kwa tarehe na kwa saa kwa sababu daftari lake nalitunza mimi. Ninafanya kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, nimezoea kuandika kilichoingia na kilichotoka, na tunaishi nyumba moja, yeye na dada mbele, mimi chumba cha nyuma. Shemeji alipougua, watu wote nyumbani wakanigeukia mimi na kalamu yangu.

Aliugua figo. Presha ilizila taratibu, na siku daktari alipomweleza kwamba figo ni chujio la damu, shemeji aliuliza kama hazifunguliwi zikaoshwa kwa brashi. Alipoambiwa hapana, akauliza zimetengenezwa na nani.

Miezi minane ya kwanza alisafishwa damu kwa mashine hospitalini. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nzima kwenye kiti, na ukijumlisha foleni na safari, siku imekwisha. Kazi ya bomba haingojei. Bomba likipasuka Jumatano, mwenye nyumba hawezi kukinga ndoo mpaka Alhamisi. Wateja walianza kumpungia mkono tu barabarani, wakiwa na mafundi wengine nyuma yao wamebeba spana.

Ndipo walipompa habari ya kusafisha damu kwa tumbo. Sista wa kitengo cha figo, mama mfupi mwenye sauti ya chini ambaye huwezi kumbishia, alitukalisha watatu: yeye shemeji, dada, na mimi na daftari.

"Ndani ya tumbo kuna utando," alisema. "Utando huo nao unaweza kuchuja. Tunaweka mpira mwembamba unaobaki tumboni, kipande chake kinatokea nje. Unaingiza lita mbili za maji ya dawa, yanakaa masaa yakivuta uchafu wa damu, halafu unayatoa na kuingiza mengine. Mara nne kwa siku. Nyumbani kwako."

"Kwa hiyo mimi ni tangi," alisema shemeji.

"Wewe ni mgonjwa, baba."

"Mgonjwa mwenye tangi. Na yanatokaje? Kwa pampu?"

"Kwa mteremko tu. Mfuko wa dawa unauning'iniza juu, mfuko wa kutolea unauweka chini."

Nilimwona shemeji akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Kama kuna kitu anachokiheshimu duniani ni mteremko.

Mafunzo yalichukua siku saba, na nadhani Sista hatazisahau. Alimweleza kwamba zamani mgonjwa alitembea na mfuko mtupu umekunjwa ndani ya shati, kwa kuwa mfuko ulioingiza ndio huohuo uliotoa, na kila kuunga na kufungua kulikuwa mlango wa vijidudu. Siku hizi mifuko imezaliwa mapacha, miwili kwenye mpira mmoja, unaunga mara moja tu. Tena kabla ya kuingiza, unaachia maji kidogo ya dawa yapite moja kwa moja kwenda mfuko wa chini, yasafishe njia.

"Hayo ndiyo yangu!" shemeji alipiga paja. "Ukifunga koki mpya, maji ya kwanza unayaacha yaende zake. Nani amewafundisha?"

"Vaa barakoa, baba. Hapa hatuongei wakati wa kuunga."

Kunyamaza kwa dakika nzima ndiko kulikomshinda. Alirudishiwa zoezi hilo mara kumi na moja, niliandika. Na aliposikia kwamba daktari alimwekea mpira kupitia tundu dogo huku akitazama kwa kamera ncha yake inakokwenda, alikaa kitandani akiwa na uchungu wa kweli.

"Miaka ishirini na sita navunja kuta za watu kwa kubahatisha," alisema. "Kumbe wenzangu wana kamera!"

Nyumbani tulipaka rangi chumba, tukapiga ndoano ukutani, tukanunua meza ndefu ya kuwekea vifaa. Nilichora daftari safu tano: saa, yaliyoingia, yaliyotoka, rangi ya maji, na choo. Kila jioni nililipiga picha kwa simu nikamtumia Sista, na kule kwenye kompyuta yao hesabu ikienda vibaya mstari wako unageuka mwekundu. Maji yalitoka lita mbili na robo, masafi kiasi cha kusoma gazeti upande wa pili wa mfuko. Shemeji alilisoma kweli, mpaka matangazo ya vifo.

Akarudi kazini. Na si kazi ndogo: mkandarasi alimpa bweni jipya la shule, vyoo ishirini na vinne na mabafu kumi na mawili, jambo ambalo hajawahi kulipata maishani. Alibadilisha maji alfajiri, akaenda, akarudi saa sita kubadilisha, akaenda tena. Mkandarasi alimwambia wazi, nami nilikuwepo: "Fundi, nakupenda, lakini ukirudi kwenye ile mashine yako ya Jumatatu Jumatano Ijumaa, naweka mtu mwingine. Wanafunzi wanaingia mwezi ujao." Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: mpira ukikaa tumboni, bweni ni lake. Mpira ukitoka, bweni limekwenda.

Wiki tatu mambo yalinyooka. Kisha, Alhamisi saa tisa alasiri, akaja mama yetu.

Mama alikuja kupumzisha goti. Ni mtu mzuri, hana makuu, ila ana kiti chake cha plastiki anachosafiri nacho. Alizunguka nyumba nzima akitafuta upepo, na upepo akaupata mahali pamoja tu: kwenye korido, kati ya dirisha dogo na mlango wa choo. Akaweka kiti, akanyoosha goti, akakaa. Toka asubuhi mpaka wakati wa kulala mama alikuwa pale, na wakati wa kulala alilazwa chumba kilichopakana na choo kwa ukuta wa mbao. Mlango wenyewe wa choo ni wa bati, nao hulia kama mbuzi anayefungwa kamba. Fundi Koki aliahidi kuutia grisi mwaka juzi.

Sasa elewa heshima ya mkwe. Shemeji, ambaye huongea na mtu yeyote juu ya shimo lolote la maji taka, mbele ya mama mkwe wake huwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Hatafuni akisikika. Hakohoi. Kupita mbele ya magoti ya mama, kusema "samahani mama", kuvuta mlango unaolia, na kisha mama abaki pale nje akisikiliza kinachofuata? Bora afe. Kuomba choo kwa jirani ni kutangaza kwamba fundi wa vyoo hana choo. Na kule bwenini alikuwa amezungukwa na vyoo ishirini na vinne vipya vinavyong'aa, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefikiwa na maji.

Basi akajikaza. Nasi hatukujua. Maji ya mfuko dada ndiye aliyekuwa akienda kuyamwaga, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba mwenye nyumba haonekani korido. Kila jioni nilipouliza safu ya tano, alitupa jicho kuelekea kwenye kiti cha plastiki akasema, "Andika ndiyo." Nami nikaandika ndiyo.

Jumamosi yalitoka lita mbili na kidogo. Jumapili mbili kasoro. Jumatatu moja na robo tatu. Jumanne asubuhi lita moja na nusu.

"Ni slopu, ule mteremko," alisema Fundi Koki. "Kitanda hakina kimo."

Jumanne saa sita nilirudi kula nikamkuta amelala chali juu ya meza ndefu, barakoa usoni, tumbo wazi limekaza kama mpira wa miguu, na mfuko wa kutolea uko chini sakafuni ndani ya beseni. Dada alikuwa amesimama kando, mikono kiunoni.

"Baba watoto, shuka. Meza ile ina mguu mbovu."

"Subiri presha ijijenge."

"Presha ndiyo iliyokuleta hapo ulipo!"

"Ile nyingine." Akachukua kijiko, akaanza kujigonga tumbo taratibu huku akisikiliza, kama afanyavyo kwenye mabomba ya watu. "Unasikia? Tu, tu, tu. Imejaa. Sasa huku... tu, tu. Nako kumejaa. Kuna hewa kwenye laini."

"Hiyo hewa ndiyo inayoongea toka asubuhi," alisema dada.

Hapo mama, aliyesikia vishindo, akatokea mlangoni na goti lake. Akamwona mkwewe juu ya meza ya chumbani, tumbo wazi, kijiko mkononi.

Shemeji hakuweza kukimbia, alikuwa ameungwa. Akafanya jambo pekee lililokuwa ndani ya uwezo wake: akafumba macho.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka gizani mwake.

"Marahaba, baba," alijibu mama, ameutazama mlango wa kabati. "Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, mama."

"Haya. Msianguke." Akageuka, akarudi kwenye upepo wake. Mfuko ulikuwa na lita moja na mililita mia mbili.

Mstari wetu kule hospitalini ukawa mwekundu, na Jumatano asubuhi Sista akapiga simu. Simu ya shemeji haisikiki mpaka uweke spika, tangu ilipotumbukia kwenye tangi la mtu. Kwa hiyo Sista alizungumza na nyumba nzima, na mama akiwa kitini kwake hatua nne tu.

"Baba, maji hayatoki. Tumbo linauma?"

"Limejaa tu, Sista."

"Homa? Maji yana ukungu?"

"Masafi. Gazeti nasoma."

"Choo je? Unapata choo?"

Shemeji alimtazama mama. Mama alitazama dirisha. Sijawahi kuona mtu anatazama dirisha kwa bidii vile.

"Napata," alisema shemeji.

"Kila siku?"

"Kila siku, Sista." Kisha, kama mwongo yeyote asiyejua pa kusimama: "Mara mbili. Siku nyingine tatu."

Mama alikohoa kidogo. Nilidhani ni vumbi. Nikaandika: choo, mara mbili hadi tatu.

"Basi kama choo kiko sawa, huenda mpira umehama," alisema Sista. "Leo usiingize mfuko mzima, lita moja tu. Kesho asubuhi uje umwone daktari, usile kitu. Kama umehama sana, tutautoa, urudi kwenye mashine wiki kadhaa, halafu tuanze upya."

Simu ilipokatika, shemeji alibaki ameishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Uso ulimshuka. Dada akaenda jikoni, akafungua koki, yaani akafungua kamba ya kiatu, ili asisikike akilia.

Alhamisi tulikwenda wanne. Mama hakualikwa. Alisema tu, "Nakuja," akachukua mtandio, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima kile kiti kikabaki peke yake. Kama shemeji angekuwa na akili timamu angerudi nyumbani mbio. Lakini alikuwa akiwaza mkandarasi.

Daktari aliyemwekea mpira alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka. Alisoma daftari langu ukurasa hadi ukurasa, na akasema limeandikwa vizuri. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Mzee, nafasi ya chumba cha upasuaji ninayo leo tu, saa saba. Eksirei yetu inaanza alasiri. Sitaki kukupotezea nafasi," alisema. "Sababu kubwa ya maji kukwama huwa ni choo kufunga. Utumbo ukijaa unaubana mpira. Nikiona choo kimefunga, sigusi kitu, nampa mtu dawa. Lakini hapa naona kila siku, mara mbili, mara tatu. Utumbo wako ni mtupu kabisa. Kwa hiyo ni mpira. Tunautoa." Akavuta fomu. "Wiki sita za mashine, halafu tutaona. Ni sawa?"

Dada akasema, "Wiki sita!"

Shemeji aliitazama fomu. Akamtazama mama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Daktari akabofya kalamu.

Mama akasimama. Taratibu, kwa sababu ya goti, alikwenda mpaka ukutani, palipobandikwa picha kubwa ya figo, akatugeuzia mgongo, akajifunika mtandio kichwa chote kama mzigo unaosubiri kupakiwa.

"Mimi sipo," ilitoka sauti ndani ya mtandio.

Daktari alimtazama Sista. Sista alinitazama mimi. Sikuwa na safu ya jambo hilo.

"Mwanangu," ilisema ile sauti, "nimekwambia mimi sipo. Nimeondoka zamani. Sema na daktari wako."

Shemeji akauinamia mguu wa meza ya daktari, akauambia huo mguu:

"Sijaenda."

"Hujaenda wapi, mzee?"

"Kule. Chooni. Sijaenda siku sita."

"Saba," ilisema sauti ukutani.

Dada alijifunika uso. Mabega yake yalianza kutetemeka, na safari hii hakuwa analia.

"Saba!" Daktari aliweka kalamu chini. "Na mara mbili mara tatu ni ya nani?"

"Nilitia chumvi."

"Kwa nini, mzee wangu? Nusura nikupasue!"

Shemeji alinyoosha kidole kuelekea kwenye mtandio, kidogo tu, kwa adabu, kidole kikiwa chini ya meza. "Anakaa mlangoni," alinong'ona. "Pana upepo."

"Nimesikia," ulisema mtandio. "Na mimi ningesema nini? Nimwambie mwanangu mwenyewe kwamba mume wake nimemhesabia? Ningeonekana mama wa namna gani? Nilikaa pale nikimwombea ainuke, hainuki. Usiku nikijifanya nakoroma apate nafasi, hatoki. Nilikoroma mpaka koo likakauka."

"Nilikusikia, mama," alisema shemeji. "Nilidhani umechoka."

Sista ndiye aliyeyamaliza. Alikunja fomu ya daktari mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa gauni lake, akasema kwa sauti yake ya chini, "Baba, njoo na mimi." Mambo ya chumba kile cha pili hayakuandikwa. Najua kwamba alipewa dawa ya kunywa na dawa isiyo ya kunywa, kwamba saa nne na dakika kumi aliingia choo cha wagonjwa, na kwamba foleni ya watu sita ilijipanga, ikanung'unika, ikatawanyika kutafuta choo kingine. Alitoka saa tano kasorobo. Alikuwa mwembamba. Macho yalikuwa na mwanga ambao sijauona tangu siku aliyoambiwa habari za mteremko.

Wakamuunga kwenye mfuko, kitandani, kimo cha kawaida. Maji yakaanza kushuka, kwanza uzi, kisha kamba, kisha mchirizi wa kweli unaosikika ukigonga plastiki. Shemeji aliinamisha kichwa akasikiliza. Sista akatundika mfuko kwenye mzani.

"Lita tatu na mia moja," alisema. "Na yale yaliyobaki siku zile yametoka. Niandikie hapo."

Niliandika, na ile tatu nikaipigia mstari mara mbili.

Alasiri walimpiga eksirei kwa kujiridhisha. Daktari aliiweka picha kwenye taa, na shemeji akaomba kusogea. Aliikagua muda mrefu, mikono nyuma.

"Huu ndio mpira wangu?"

"Ndio. Umejikunja pale chini panapotakiwa. Haujahama hata kidogo."

"Slopu safi. Kona safi." Akageuka. "Bomba la jirani ndilo lililoziba, likalibana lako. Andika kwenye faili kwamba fundi aliyefunga mpira hana kosa."

"Nitaandika," alisema daktari. "Na wewe dawa hii ya kulainisha, kila siku, na chooni ukisikia haja unakwenda. Hata kama pale mlangoni amekaa nani."

"Nitahamia dirisha la jikoni," alisema mama, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudi. "Upepo wake mdogo, lakini nitavumilia."

Nje ya lango la hospitali shemeji alitoa simu, akampigia mkandarasi, spika wazi kama kawaida, sote watatu tumemzunguka.

"Fundi! Mtaani nasikia unatolewa mpira. Kuna kijana hapa nimemwita aje aone kazi."

"Mwambie arudi kwao. Mpira unabaki. Kesho asubuhi nipo."

"Sasa ulikuwa na tatizo gani wiki nzima?"

Shemeji alimtazama mama mkwe wake. Mama alianza kutafuta kitu cha kutazama, na pale barabarani hapakuwa na dirisha.

"Choo, bosi," alisema Fundi Koki kwa sauti ya mtu mzima. "Nilifunga choo siku saba."

Mkandarasi alicheka mpaka simu ikakwaruza. Mama naye akacheka, akishika goti, kisha akamshika mkwewe mkono ili wavuke barabara.